Kupima Shule za Busiu kwa PLE: Nani Hakuhesabiwa?

Mzazi anayetafuta shule Busiu, mji mdogo wa barabarani ukitoka Mbale kuelekea Tororo baada ya kuipita Nabumali, ana swali lilelile walilonalo wenzake wa Iganga, Jinja au Butaleja: kati ya shule hizi zote zenye mabango kando ya lami, ipi inafundisha kweli? Ripoti ya mkaguzi hana, na hata angekuwa nayo pengine asingekuwa na muda wa kuisoma. Alichonacho ni namba moja, anayoambiwa na mwalimu mkuu kwa fahari au na jirani kwa kunong'onezwa: mwaka jana walitoa daraja la kwanza wangapi.

Namba hiyo hutoka kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda, UNEB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1983. Karatasi ni nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na dini. Kila karatasi hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, kisha zote nne hujumlishwa kupata agrigeti. Mtoto aliyeng'ara kote ana agrigeti 4, na aliyeanguka kote ana 36. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza, 13 hadi 23 la pili, 24 hadi 29 la tatu, 30 hadi 34 la nne. Wanaobaki huandikiwa U, na aliyesajiliwa asitokee siku ya mtihani huandikiwa X. UNEB yenyewe haizipangi shule kwa nafasi. Kazi hiyo hufanywa na magazeti ya Kampala, kisha na redio, kisha na kila anayekaa kwenye kituo cha bodaboda.

Sina ugomvi na mtihani wenyewe. Mtoto wa Busiu hufanya karatasi ileile, siku ileile, na mtoto wa Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, na anayeisahihisha hamjui wala hajui baba yake ni nani. Katika nchi ambayo mambo mengi huenda kwa kujuana, hilo si dogo. Ukiiondoa PLE, mzazi atabaki kupima shule kwa rangi ya sare na ukubwa wa basi. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozilinganisha shule mbili kwa kutazama waliofika mwisho tu, bila kuuliza walioanza nao wako wapi.

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu wa shule yoyote ya msingi ya mashariki mwa Uganda. Ukutani, juu ya kabati la chaki na rejista, kuna karatasi za manila zilizoandikwa kwa kalamu nene. Moja ni ya matokeo ya PLE: miaka imepangwa upande wa kushoto, na juu zinafuatana safu za daraja la I, II, III, IV, U na X. Kando yake kuna nyingine ambayo wageni hawaitazami sana, ya idadi ya wanafunzi kuanzia P1 hadi P7, wavulana na wasichana. Mwalimu mkuu akitaka kukupokea vizuri atakuelekeza kwenye ile ya kwanza. Jibu la swali la mzazi linahitaji zote mbili.

Tuchukue shule mbili za kubuni. Ya kwanza imesajili watahiniwa 38: daraja la kwanza 6, la pili 24, la tatu 5, la nne 2, na U 1. Waliofaulu ni asilimia 97, na bango limeshaagizwa. Ya pili imesajili 82: daraja la kwanza 5, la pili 41, la tatu 18, la nne 9, na U 9. Ufaulu ni asilimia 89, na wazazi wanaguna. Sasa geukia karatasi ya pili ukutani, urudi nyuma miaka mitatu, watahiniwa hawa walipokuwa P4. Katika shule ya kwanza walikuwa 131. Katika shule ya pili walikuwa 110. Kwa hiyo shule ya bango imewavusha watoto 37 kati ya 131, asilimia 28. Shule inayogunwa imewavusha 73 kati ya 110, asilimia 66. Mtoto wako ungempeleka ipi?

Najua hesabu hii ina matundu. Watoto huhama, wengine hukariri darasa, wengine hufuata wazazi Kampala au Nairobi. Walioko P7 leo si walewale wote waliokuwa P4 wakati ule. Lakini matundu hayo yanazipata shule zote mbili, na pengo la asilimia 28 na 66 haliwezi kuzibwa na watoto wachache waliohamia kwa shangazi. Shule iliyopoteza theluthi mbili ya darasa kwa miaka mitatu ina jambo la kueleza, na karatasi ya matokeo haiwezi kulieleza kwa sababu waliopotea hawamo humo. Hawakuandikiwa U wala X. Hawakuandikwa kabisa.

Upotevu huu una historia ndefu. Elimu ya msingi kwa wote, UPE, ilipoanza Januari 1997 baada ya ahadi ya kampeni za 1996, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini iliruka kutoka milioni 3 na ushei hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. P1 peke yake ilipokea watoto zaidi ya milioni 2. Miaka sita baadaye, mwaka 2003, waliofika P7 hawakutimia nusu milioni. Tuondoe waliokariri, na tuondoe walioandikishwa mara mbili kwenye vurugu za mwaka ule wa kwanza. Bado ni umati mkubwa ulioyeyuka njiani, na matokeo ya PLE ya 2003 yalitangazwa kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Je, watoto hawa huondoka wenyewe au huondolewa? Yote mawili. Kuna msimu wa kufukuza ndege kwenye mpunga upande wa Butaleja, kuna mimba, kuna hela ya uji na ya chakula cha mchana ambayo UPE hailipi. Lakini kuna pia mkono wa shule. Watafiti watano, Daniel Gilligan, Naureen Karachiwalla, Ibrahim Kasirye, Adrienne Lucas na Derek Neal, walifanya jaribio katika shule za msingi za vijijini nchini Uganda na kuchapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 2018. Walianza na jambo ambalo walimu wengi wanalijua na wachache hulitamka: baadhi ya shule huwakatisha tamaa wanafunzi dhaifu ili wasifike kwenye PLE, maana matokeo mabaya huvuta macho ya wakubwa wa wilaya. Mtoto huambiwa akariri P6, akakariri, akaambiwa tena, mwishowe akabaki nyumbani. Hakuna barua ya kumfukuza, na mzazi hana pa kulalamika.

Watafiti hao waliwaahidi walimu wa P6 bonasi kwa utaratibu tofauti. Kila mwanafunzi, mwerevu au mzito, angelinganishwa na wenzake wa kiwango kilekile katika shule nyingine, na mwalimu angelipwa kwa nafasi ya kila mmoja wao. Mtoto dhaifu hapo akawa na thamani, kwa kuwa hata yeye angeweza kumwingizia mwalimu hela akiwashinda wadhaifu wenzake. Miaka miwili baadaye mahudhurio ya wanafunzi wa walimu hao yalikuwa asilimia 60, wakati katika shule zisizo na mpango huo yalikuwa 56. Si mapinduzi. Lakini tazama palipotokea sehemu kubwa ya nafuu: katika shule zilizokuwa na vitabu vya hisabati vya P6, ambako mahudhurio yalitoka 57 hadi 64. Penye uhaba wa vitabu walimu walisema wameongeza juhudi vilevile, na dalili za mabadiliko zilikuwa hafifu. Mwenye kuilaumu shule ya Busiu kwa nafasi yake gazetini angeanza kwa kuuliza darasa lina vitabu vingapi.

Upande wa pili wa udanganyifu ni wa kuingiza. Shule za bweni za mjini Mbale na Jinja huwafanyia watoto intavyuu kabla ya kuwapokea, hasa wanaoingia P6 na P7, na mtoto mwerevu wa kijijini huweza kupunguziwa ada ili ahamie huko. Shule ya UPE iliyomfundisha kusoma tangu P1, katika darasa la watoto tisini, inampoteza miezi michache kabla ya mtihani. Agrigeti yake inapotangazwa, picha yake iko kwenye bango la shule aliyokaa mwaka mmoja. Sijui biashara nyingine ambayo mtu huvuna hadharani shamba lililolimwa na jirani na kupongezwa na mkuu wa wilaya. Na kuna mambo ya vituo: shule isiyo na namba ya kituo cha UNEB husajili watahiniwa wake katika shule nyingine, kwa hiyo matokeo ya kituo kimoja yanaweza kubeba watoto wa shule mbili au tatu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell aliandika jambo hilohilo katika miaka ya 1970: kipimo kikishatumiwa kuamua mambo ya watu, watu hukivuruga, nacho huvuruga kilichokusudiwa kupimwa.

Hata pasipo na hila yoyote, namba za shule moja ya Busiu ni chache mno kubeba hukumu tunazozibebesha. Darasa la watahiniwa 40 likiwa na daraja la kwanza 2 mwaka huu na 5 mwaka ujao, ufaulu wa juu umepanda kutoka asilimia 5 hadi 12.5. Gazeti litaandika kwamba shule imezinduka. Kilichotokea ni watoto watatu: pengine mapacha wa mwalimu na mtoto wa nesi wa kituo cha afya. Thomas Kane na Douglas Staiger waliuonesha ugonjwa huu Marekani mwaka 2002, wakati sheria ya kuzibana shule kwa mitihani ilikuwa ndiyo kwanza imesainiwa: shule ndogo hujaa juu kabisa na chini kabisa ya orodha, kwa kuwa bahati huzitikisa kuliko kubwa. Anayesimama wa kwanza mwaka huu ana nafasi nzuri ya kuporomoka mwaka ujao bila mwalimu yeyote kubadilika.

Miaka yenyewe pia hailingani. Mwaka 2022 waliopata daraja la kwanza nchi nzima walizidi 110,000. Mwaka 2023 hawakufika 90,000. Shule iliyoshuka mwaka huo ilishuka pamoja na taifa. Na watahiniwa wa mwaka wa masomo wa 2021 hawakuwa na PLE. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watahiniwa wa 2020 wakafanya mtihani wao mwishoni mwa Machi 2021, na madarasa yote hayakurejea hadi Januari 2022. Karatasi yoyote ya manila inayopandisha mstari mnyoofu kutoka 2019 hadi leo inaruka shimo hilo. Kwa upande wa Bugisu, eneo la Mbale na Busiu, kuna pia imbalu. Kila mwaka wa namba shufwa tohara hufunguliwa Mutoto mwezi Agosti, ngoma zikaendelea vijijini kwa miezi, nao mtihani uko Novemba. Watahiniwa wengi bado wadogo kwa kisu, lakini hakuna mtoto wa Kigisu aliye mdogo kwa kufuata ngoma.

Halafu kuna lugha, ambayo kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote na ndiyo isiyotajwa kabisa magazetini. Mtaala uliotangazwa mwaka 2007 unataka shule za vijijini zifundishe kwa lugha ya mahali P1 hadi P3, kwa Busiu ni Lumasaba, kisha P4 ziingie Kiingereza. Ni mpango wenye akili, kwani mtoto husoma haraka kile anachokielewa. Lakini shule binafsi nyingi humwanza mtoto kwa Kiingereza tangu chekechea, na karatasi zote nne za PLE ni za Kiingereza. Mtoto wa UPE anayejua vizuri kwa nini mtama hunyauka anaweza kukosa alama ya Sayansi kwa kutolielewa swali. Kwa hiyo ukizilinganisha shule hizi mbili kwa agrigeti, sehemu kubwa ya unachokipima ni miaka ambayo kila mtoto amekuwa akisikia Kiingereza, na hiyo hununuliwa kwa ada. Kiswahili, kilichoamuliwa mwaka 2022 kiwe somo la lazima, hakimo katika karatasi zile nne. Mwalimu mkuu anayehesabu daraja la kwanza anajua la kufanya na kipindi chake.

Dawa ya haraka inayopendwa na serikali ni kupiga marufuku orodha. Kenya ilifuta kuzipanga shule na watahiniwa mwaka 2014. Nchini Tanzania, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora. Naielewa nia, siamini matokeo. Wazazi hawakuacha kulinganisha; walianza kuhesabu wenyewe kwenye simu, wenye intaneti wakijua zaidi ya wasio nayo.

Na haki iwe haki: orodha zina faida yake. Wales iliacha kutangaza majedwali ya shule mwaka 2001 wakati England ya jirani ikiendelea nayo, na Simon Burgess na wenzake, wakichapisha mwaka 2013, walikuta shule za Wales zimerudi nyuma, hasa zile za chini. Karibu zaidi na kwetu, Tanzania katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza 2013 ilizipanga shule zote za msingi kwa nafasi. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia na kuona shule za mkiani katika wilaya zao ziliamka kweli, wanafunzi zaidi wakafaulu. Waliona pia kwamba watahiniwa katika shule hizo walipungua: baadhi ya watoto waliachwa nje ya mtihani. Tofauti ya Wales na Busiu iko hapo. Kule sheria inambakiza mtoto darasani hadi miaka 16, na shule haiwezi kumpoteza kimyakimya. Orodha ileile ikiletwa mahali ambapo mtoto anaweza kutoweka bila yeyote kumtafuta, inailipa shule iliyompoteza.

Uganda, ajabu, ndiyo nchi iliyoifundisha dunia namna nzuri ya kutangaza namba za shule. Ritva Reinikka na Jakob Svensson waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya kila mwanafunzi iliyotoka Kampala. Nyingine zililiwa wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikabandika kilichofika. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Magazeti yaleyale, wasomaji walewale. Hapo wananchi walionyeshwa kitu ambacho hakiwezi kupambwa kwa kumficha mtoto dhaifu, na anayewajibika kwa namba alikuwa mkubwa wa wilaya, si mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Kuna jaribio lingine la hapahapa linalostahili kujulikana na kila kamati ya shule. Abigail Barr, Frederick Mugisha, Pieter Serneels na Andrew Zeitlin walichukua shule 100 za vijijini. Baadhi ya kamati walizipa fomu iliyokwisha kuandaliwa ya kuipima shule. Nyingine waliziacha zikae na walimu na wazazi, zichague zenyewe mambo ya kupima. Fomu iliyoletwa haikubadilisha kitu cha maana. Waliojichagulia, watoro walipungua kati ya walimu na wanafunzi, na alama za watoto zikapanda. Utoro wa walimu si jambo la kupuuza: utafiti wa nchi sita uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta asilimia 27 ya walimu wa shule za msingi wa Uganda hawako shuleni siku mtafiti anapofika bila taarifa. Hakuna agrigeti inayokuambia hilo. Mzazi anayepita kila asubuhi na baiskeli analiona.

Kwa sekondari, angalau, hesabu ya haki inawezekana: sekondari ya Nabumali inapompokea mtoto wa S1 ina agrigeti yake ya PLE, na miaka minne baadaye mtu anaweza kupima alipofika. Msingi hauna kipimo cha mlangoni. NAPE, tathmini ya UNEB, hupima P3 na P6, lakini huchagua shule chache tu kwa sampuli. Asasi ya Uwezo, ambayo tangu 2010 imekuwa ikiwapima watoto wa Uganda majumbani mwao, waliopo shuleni na walioacha, inaonesha hali ya nchi na ya mikoa, haielezi shule yako. Siku UNEB itakapochapisha kando ya matokeo ya kila shule idadi ya wanafunzi wake wa P4 miaka mitatu nyuma, nusu ya hila nilizotaja zitaisha. Wizara inazo namba hizo. Kila shule huzituma.

Kabla ya siku hiyo kufika, Sheria ya Elimu ya 2008 inaipa kila shule ya serikali kamati ya usimamizi, na wazazi wamo. Matokeo hutoka Januari au muda mfupi baadaye, na mkutano wa kwanza wa mwaka hufuata. Ndugu mzazi wa Busiu, nenda kwenye mkutano huo. Usiridhike kusomewa daraja la kwanza. Omba karatasi zote mbili za manila ziletwe kutoka ofisini na zibandikwe mbele ya watu, zihesabiwe pamoja kwa sauti, na mwalimu mkuu aulizwe, kwa adabu, wako wapi wale waliokuwa P4.